Dole Lisilotoa Alama

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Shikamoo yako imefika hapa Mungaa. Mama yako anapura alizeti, na mjomba wako ndiye anayeniandikia haya.

Umeuliza kwa nini mashine ya kusajili laini ya simu ilikataa vidole vyangu. Usichana wangu niliumalizia kiwandani nikibangua korosho, karibu na mpaka wa Msumbiji. Tulilala wanne kitanda kimoja, kwa zamu. Mafuta ya maganda yaliunguza ngozi. Tulijipaka majivu, lakini wapi! Siku ya mshahara, sisi tusiojua kuandika tuliweka dole gumba. Langu likatoka doa tupu.

"Dole hili halina mtu," karani akasema, akanifukuza dirishani.

Salima, msichana mgeni pale, akarudi kwenye foleni kwa jina langu, akaweka lake. Tukala. Msimu uliofuata lake nalo likatoka doa tupu.

Sasa unasema umepata kazi hiyohiyo, kulekule, na glavu mnaambiwa zitakuja. Sikukatazi, najua hapa nyumbani hakuna kitu. Ila ukija Krismasi usihangaike na kanga. Nipe kwanza mikono yako niipapase.

Ni mimi, bibi yako.