Picha za Watu wa Mwaloni

Jumatatu, tarehe 4
Mgao wa wakimbizi saa mbili, kama kawaida. Kadi, jina, picha kwenye kompyuta ya getini, unga. Mama Furaha, aliyevuka ziwa kutoka Kongo na wanawe watatu, karudishwa. Kompyuta inasema hana picha. Msimamizi kamwita mdanganyifu mbele ya foleni nzima. Picha yenyewe nilimpiga mimi! Nina hasira hadi chai haishuki.

Jumanne, tarehe 5
Siku ya pili ya mgao, wamerudishwa wengi. Wote walisajiliwa mwaloni, boti zinaposhushia watu. Waliokuja kwa barabara tukawasajili hapa kituoni, hakuna hata mmoja aliyerudishwa. Msimamizi anasema watu wa ziwani ndivyo walivyo, wanauziana kadi. Mama Furaha akamwambia, "Miye niko mbele yako, baba. Unatafuta sura gani ingine?" Msimamizi akaita anayefuata. Upuuzi mtupu.

Jumatano, tarehe 6
Nimefungua kompyuta ya getini. Picha zimo zote. Programu mpya ndiyo haizioni. Msimamizi anataka majina ya kufutwa kwenye orodha kufikia Ijumaa. Sifuti mtu.

Alhamisi, tarehe 7
Nimelipata kosa. Kila picha ina njia, yaani anwani ya mahali ilipo kwenye kompyuta. Picha za kituoni zimeandikiwa njia fupi: folda na jina la faili. Programu huongeza mbele mahali pa kuanzia. Za mwaloni zina njia kamili, inayoanza na C na nukta mbili. Hiyo haitakiwi kuongezewa kitu. Lakini programu inatazama alama ya kwanza tu. Ikiwa ni mkwaju (/), njia ni kamili; kama si mkwaju, inaihesabu fupi. Kwenye mfumo wa Linux, sawa, njia kamili huanza hivyo. Getini tunatumia Windows, ambako huanza na herufi. Basi njia kamili ikabandikwa nyuma ya mahali pa kuanzia, picha zikatafutwa mahali pasipokuwepo.
Mpumbavu gani kaandika hivi?
Mimi. Nyumbani Gungu, kwenye kompyuta yangu ya Linux. Nikajaribu hapo hapo, nikaridhika.

Ijumaa, tarehe 8
Nimefuta mstari wangu. Sasa programu inaiuliza mashine yenyewe kama njia ni kamili. Nimejaribu Linux, nimejaribu Windows. Picha zote zimetokea. Nimemwambia msimamizi kosa ni langu. "Haya," akasema, akarudi kwenye simu yake. Watu kawaita wadanganyifu, radhi hataki kuomba. Na mgao mwingine ni hadi Jumatatu. Watoto watatu wa Mama Furaha wanakula kwa majirani, wiki nzima, kwa sababu yangu.

Jumatatu, tarehe 11
Uso wa Mama Furaha umetokea getini. Kitambaa cha njano kichwani, macho yamechoka. Kapata unga. Nilimfuata nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, si lake, si la kompyuta. Akatua mfuko, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumtengenezea.
Bora angenitukana.