Redio Iliyokufa Inaomba Namba

Mwenzangu, uko wapi? Acha hiyo pasi usome.

Unamkumbuka yule fundi redio wanayemwita Profesa? Aliyenifungia redio mpya kwenye gari la marehemu baba, akaishika ile ya zamani aliyoing'oa, akasema mbele ya wateja wake, "Mama, hii ya makumbusho imekufa, nitakutupia"? Wakanicheka, nikaondoka na aibu yangu.

Leo kanipigia. Sauti asali tupu. "Dada yangu, kwani ile redio ilikuwa na namba ya siri?"

Imekufa, mwenzangu. Imekufa na inaomba namba.

Kumbe kaifunga kwenye gari lake mwenyewe. Redio zile ukizing'oa haziwaki tena bila tarakimu nne, na kadi yenye tarakimu ninayo mimi, baba aliibandika kwenye kitabu cha gari.

Nikampa namba ya uongo. Ikakataa. Nikampa nyingine. Ikakataa.

"Dada, imebaki mara moja tu. Ikikosea inajifunga moja kwa moja."

Nikamsomea taratibu: sifuri, tisa, sifuri, tatu.

Akabonyeza. "Imegoma kabisa."

Nikamwambia, hiyo ni tarehe uliyosema imekufa, tisa mwezi wa tatu. Sasa imekufa kweli. Nitupie.