Faksi ya Karatasi ya Kawaida

Alhamisi, Changamwe

Jumatatu tulipoteza barua ya kampuni ya malori iliyokiri kwamba dereva wao ndiye aliyemvunja mguu Mzee Karisa, mteja wa ofisi yetu ya uwakili. Haikuibwa. Imo kwenye faili, kurasa tatu, nyeupe pe. Ilikuja kwa faksi yetu ya rola, ile ya karatasi inayochapwa kwa joto bila wino, na maandishi yamefifia yenyewe kwa joto la ofisini.

Nilisema tangu mwanzo kila faksi itolewe kopi siku hiyohiyo. Nani alinisikiliza?

Leo mwenzangu Bakari kaja na picha ya mashine nyingine ya rola, ilhali mimi nataka ya karatasi ya kawaida, ambayo maandishi yake hayafifii.

"Dada yangu, wallahi hii bei yake ni theluthi ya ile yako."

"Na mguu wa mzee, Bakari, nao utafifia?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Ofisi hii niliianza na meza ya kuazima, hesabu naijua. Bila barua ile, kampuni itakana, na mzee atabaki na mkongojo tu. Atakuja kesho mchana. Sijui nitamtazama vipi.

Nimemwachia Bakari karatasi mezani: mashine ya karatasi ya kawaida, ndiyo au la? Nataka jibu kesho kabla ya saa nne asubuhi.