Televisheni Uliyoikata Sauti

Baba Neema wangu,

Sijui kama huko uliko mnapokea malalamiko, lakini haya yangu nitayasema, na majirani wa Ruhuwiko wakiyasikia, sawa tu. Umeniudhi. Umelala zako, umeniachia televisheni kubwa kama kabati la nguo, picha inaonyesha vizuri kabisa, sauti haitoi hata ya mbu.

Banda umiza, hili banda letu la kuonyeshea filamu, ndilo linalotulisha, unajua. Tangu tukuzike limefungwa. Wateja wakipita wanauliza, "Mama Neema, lini?" Nawajibu kesho, na kesho hiyo haifiki. Nilipiga hesabu zangu: wewe uliyekuwa ukiwatafsiria watu kwa maiki hupo, basi nitanunua pale stendi filamu zilizokwisha kutafsiriwa, nichomeke, watu watazame. Lakini nani aje kutazama watu wanafungua midomo kama samaki?

Nakumbuka siku ilipoletwa na lori. Ulitoa mlango kwenye bawaba ndipo ikapita. Kabla hata hujawapa maji wabebaji, ulishafungua mgongo wake ukaniita, "Njoo uone, Mama Neema." Ukanionyesha zile bodi, zimejaa vijidude kama mji ukiutazama kutoka mlimani. Ukasema picha ikitoka kwenye deki inaingia hapa, bodi inaigawa rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila rangi inapewa mrija wake, halafu kioo kikubwa kinazirusha zote mbele zikutane. Sauti haiendi huko. Yenyewe inashika njia ya pembeni hadi kwenye bodi yake ndogo, inaongezewa nguvu, inapelekwa kwenye spika. "Vikifika pamoja, mtu anaongea," ulisema. "Kimoja kikichelewa, vurugu."

Nilikuuliza bodi ya sauti ni ipi. Ukanijibu, "Wewe kaa mlangoni upokee watu. Huku nyuma niachie mimi." Nikakuachia, na leo ndiyo faida yake.

Siku ile rangi nyekundu ilipoanza kuwakimbia wenzake na kila bibi harusi akawa na shela tatu, mimi ndiye nilikushikia tochi. Umeme ulikuwa umekatika, ukachomeka chuma chako cha kulehemu kwenye jiko la mkaa. Nilishika tochi mpaka mkono ukafa ganzi, wala hukunieleza unafanya nini. Ungenieleza siku ile, nisingehangaika na mafundi.

Fundi Issa wa mjini alikuja. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema bodi ya sauti imeungua. Akatafuta nyingine kwenye televisheni iliyokufa huko Mbinga, akaifunga. Kimya. Akasema basi ni bodi kubwa. Nikamwambia, "Fundi, wewe unabahatisha." Akacheka kwa aibu, kwa sababu ni kweli alikuwa anabahatisha.

Jumapili baada ya ibada alirudi, akaichomoa hiyo bodi kubwa. Akaniita kutoka kule nyuma. "Mama, njoo uone mwenyewe." Waya wa sauti umekatwa, ncha yake imefungwa kwa plasta ya kidonda. Spika umeziunganisha na maiki yako peke yake.

"Hii haikuharibika," Issa akasema. "Mzee aliikata kwa mkono wake."

Na sisi miaka yote tukidhani umepunguza sauti tu. Sikuhitaji kuuliza sababu. Wewe hukuweza kuvumilia mtu mwingine aongee wakati unaongea. Hata harusi ya mdogo wako ulimnyang'anya maiki mshereheshaji.

Issa akaunga waya. Ili kujaribu, akawasha filamu iliyokuwa imebaki ndani ya deki, ile ya askari uliyokuwa ukifungia onyesho kila Jumamosi. Waigizaji wakaongea. Sauti nyembamba, Kizungu kitupu, sikumtambua hata mmoja. Ikafika pale askari amesimama na mkewe kituoni, treni inapiga honi. Neema wetu yuko likizo ya shule, alikuwa amekaa karibu yangu. Nikamuuliza anasema nini.

"Anaaga, mama."

"Anakwenda wapi?"

"Hasemi. Anamwambia asimsubiri. Anajua hatarudi."

Baba Neema, pale kwako hakusema hivyo hata siku moja. Kwako alisema, "Mke wangu, nafika Tunduru mara moja, korosho zikiisha kuuzwa narudi. Uniwekee mahindi ya kuchoma." Banda zima wakageuka kunitazama pale mlangoni, wanacheka, maana walijua unamwambia nani. Nami nikijifanya sioni, huku nafurahi.

Umeniongopea, Baba Neema. Mbele ya watu, tena kwa maiki. Nilikaa pale nikikutukana kimoyomoyo, machozi yananitoka, mpaka Neema akazima ile filamu.

Nikamwambia Issa, "Kata tena."

"Mama, si ndiyo imepona?"

"Nimesema kata."

Amekata. Jumamosi nafungua banda, na maiki nitashika mimi. Kizungu sikijui, wewe mwenyewe kumbe hukukijua, basi tuko sawa. Maneno ya filamu za ngumi na za wezi nitayapanga. Lakini akifika yule askari kituoni, sijui nitamtia maneno gani mdomoni. Nitajitahidi kusema anarudi. Ukisikia nimenyamaza, ujue nimeshindwa.

Haya, lala. Hasira zangu bado hazijaisha.

Wako wa mlangoni,
Mama Neema