Jaza Biashara, Baba Niachie

Kimumu, Eldoret
3 Juni 1988

Kwako binti yangu Wamucii,

Baba yako hajambo, cucu, nyanya yako, hajambo, ndugu yako Gathogo anakusalimu na jino lake limeng'oka. Hata ng'ombe hajambo, amezaa.

Barua yako juu ya kuchagua yunivasiti nimesoma mara tatu. Ati kuna kazi ya kuambia makampuni wanakosea wapi! Mimi sikushangaa. Si ni wewe, ukiwa darasa la tano, uliniambia hapa dukani, "Mama, mkate wetu hawanunui kwa sababu unanuka mafuta ya taa"? Tukauhamisha, ukaisha siku hiyo hiyo. Na sisi tulikuwa tumemlaumu mwokaji mwaka mzima!

Sasa baba yako anataka uchague ualimu, hapa karibu. Anasema mwezi huu ukiisha atakuja kwa mwalimu mkuu abadilishe fomu yako. Si ubaya, mama, ni kuogopa Nairobi. Mimi pia naogopa, sana. Lakini jaza biashara, Nairobi, urudishe fomu kabla hajafika. Baba yako niachie.

Nijibu upesi, na kwa bahasha uandike jina langu, si lake.

Ni mimi mama yako,
Wangari