Ngazi Nitaishika Mimi

Wifi yangu mpenzi,

Sisi wazima, ila paa la jikoni linavuja, na yule kuku wako mwekundu ametotoa. Mdogo wako sasa ndiye msimamizi wa mafundi rangi wote. Amevaa kofia nyeupe na kila mtu anamwita Mkubwa.

Lakini hana usingizi. Tangu mzee aliyekuwa msimamizi aanguke kutoka ngazini na kufa, mume wangu anakaa mgongo ukutani, macho mlangoni. Chai nikimpa, anataka niionje kwanza. Mimi, wifi! Mchuma janga hula na wa kwao, basi naonja. Mazishini alilia kuliko watoto wa marehemu. Unajua siku ile nani alikuwa chini, ameshika ngazi. Usinilazimishe kuandika zaidi.

Mafundi wenzake wa zamani amewafukuza wote, eti wanamtazama vibaya. Amebaki na msaidizi mmoja, mpole, maneno yake asali.

Nilitaka barua iishie kwa kuku. Ila asubuhi hii msaidizi amempitia waende kukagua ghorofa ya juu. Nimemsikia mlangoni: “Mkubwa, wewe panda tu. Ngazi nitaishika mimi.”

Neno kwa neno, ndivyo mume wangu alivyokuwa akimwambia mzee.

Nimetoka mbio, nikamwita kwa jina alilopewa na mama yenu. Hakugeuka. Siku hizi anaitikia Mkubwa tu, na hilo limenishinda kulitamka.

Njoo, hata ukichelewa.

Mke wa mdogo wako