Mistari ya Penseli Kwenye Ndoto ya Koko

Papa,

Ng'ombe wako wako salama. Najua ungeuliza hao kwanza, kisha Yeyo mkeo, kisha mimi, kwa hivyo nimefuata mpangilio wako. Yeyo ana afya, ila asubuhi bado anamimina vikombe viwili vya chai na kujifanya kile cha pili ni changu. Mimi bado nashona sare za shule pale Kitengela mjini, na kila Alhamisi alasiri nawahi kurudi nyumbani kuwasomea watu daftari la ndoto za Koko, kama ulivyoniachia.

Hapo ndipo nina neno la kukuambia. Nimeliahirisha tangu mvua ianze.

Mama yako Koko aliota zile ndoto miaka yake ya mwisho, na wewe, mwanawe, ukaziandika kama alivyozitamka, bila kurekebisha. Ulinikataza kuuliza maana kabla sijasoma mara tatu kwa sauti. Ulisema ndoto ngumu ni kama mnyama mgeni aliyeingia malishoni: humwulizi jina. Unamtazama anakula nini, anakunywa wapi, nyayo zake zimetoka upande gani. Na nikirukia maana ulikuwa unacheka mpaka kofia inaanguka: "Nasieku, wewe ulizaliwa kabla ya siku zako, sasa unataka na ndoto izaliwe kabla ya siku zake? Maana ikija mbio, ipishe njia."

Papa, sikuipisha.

Alhamisi ya tatu baada ya kukuzika, watu walijaa kwenye kile kibanda cha mabati tunamosomea, wengine wakasimama nje. Walikuja kwa ajili yako. Waliniangalia kama vile ungetokea usoni mwangu. Nikafungua ile ndoto ya jiwe: "Mwenye maziwa avuke mto kabla jiwe jeupe halijalia. Asiyevuka atakunywa kivuli." Nilisoma mara moja tu. Kisha nikaifafanua yote harakaharaka, kama ninayekata kitambaa: mto ni huu wetu, jiwe jeupe ni ukame unaokuja, mwenye maziwa ni mwenye ng'ombe. Wakasema amina kwa nguvu. Nilijisikia vizuri, sitakudanganya.

Jirani yetu Mama Naserian hakusema amina. Alienda nyumbani, na kesho yake akampakia Nanyokie, ng'ombe wake wa pekee wa maziwa, kwenye pikapu, akamvusha mto mpaka kwa kaka yake kule Ewuaso Kedong.

Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha hapa kwetu. Nyasi zikafika magotini. Nanyokie akazaa huko huko, na wanaokunywa maziwa yake ni watoto wa kaka. Nilipopita kwa Mama Naserian nikakuta wajukuu wanakunywa strungi, chai isiyo na tone la maziwa. Akanimiminia na mimi, akasema bila hasira, "Karibu, binti yangu. Kivuli ndicho hiki. Na mimi nilivuka!" Akacheka.

Alhamisi iliyofuata nilisimama nikasema: nilikosea, sikuwa najua, nilisema tu. Kisha Mzee Parsaloi, rafiki yako yule wa kikohozi, akasema basi daftari lipelekwe Ngong kwa mtu mmoja anayefafanua ndoto, ukurasa kwa ukurasa, "tumalize hii maneno." Wengi wakakubali. Nikaambiwa Alhamisi ijayo nije nalo likiwa limefungwa tayari kwa safari. Papa, nusu yangu ilifurahi. Nilitaka kuutua huo mzigo.

Nilikuwa nalifunga kwa kitambaa cha bluu cha Koko, Yeyo ameketi karibu akichambua maharagwe, likafunguka kwenye ndoto ya jiwe. Pembeni kuna ile mistari yako midogo ya penseli, imesongamana karibu mpaka chini ya ukurasa. Nimeiona tangu nikiwa mdogo. Nikamwambia Yeyo, hata hapa Papa alikuwa anahesabu ng'ombe wake.

Yeyo akaacha maharagwe. "Baba yako ahesabu ng'ombe? Lini? Aliwajua kwa rangi na kwa pembe, kama baba yake. Kuhesabu mifugo si ni kuiitia mkosi?"

Kisha akaniambia. Kwamba kila ulipomaliza kusoma ukurasa na usiuelewe, ulimwita akuletee penseli. "Alikuwa anasema, 'Leo pia imenikataa.' Anaweka mstari, anakunywa chai yake. Hata siku moja hakukasirika."

Nikageuza kurasa zote. Kuna zenye mstari mmoja, kuna zenye mitatu. Hakuna ukurasa wenye mingi kama huo. Ilikukataa miaka yote, Papa, na ukairudia. Mimi niliimaliza alasiri moja.

Alhamisi nililipeleka bila kulifunga. Niliwaeleza ile mistari ni ya nini, nikalipitisha mkono kwa mkono. Mzee Parsaloi aliipapasa kwa kidole, akakohoa, akasema, "Kumbe huyu mtu naye alikuwa hajui!" Akacheka mpaka akatoa machozi, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipoisha. Aliyemaliza shauri ni Mama Naserian: "Kama ilimkataa Baba Nasieku, na aliiandika kwa mkono wake, huyo wa Ngong ataijulia wapi? Likae hapa. Nasieku atusomee. Lakini binti yangu, maana ikikujia, kaa nayo kwanza kwenu."

Nanyokie atarudi ndama akipata nguvu za safari. Nitaenda kumchukua mimi mwenyewe. Mpaka siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kushona, napeleka kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wetu kwa Mama Naserian. Yeyo analalamika kwamba nakijaza sana, halafu anaongeza.

Pumzika, Papa. Sitawaambia watu tena nisichokijua, nakuahidi. Nitasoma mara tatu, na nitamtazama mnyama anakunywa wapi.

Jana asubuhi niliisoma tena ndoto ya jiwe, polepole, kama ulivyopenda. Nilipomaliza nikamwomba Yeyo penseli. Alinipa bila kuuliza. Chini kabisa ya ukurasa palibaki nafasi ya upana wa kidole. Nikaweka mstari wangu hapo, kando ya wako wa mwisho, kisha nikanywa kile kikombe cha pili.

Mtoto wako,
Nasieku